Paraselingi ufukweni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamelenga zaidi Nungwi na Kendwa kule Unguja, na pwani ya Kenya kuanzia Mombasa hadi Diani, ambako watu wengi wa kwetu huonja mchezo huu kwa mara ya kwanza. Walioko Dubai na kwingineko Ghuba watayaona yanawafaa pia, maana boti na vifaa ni vya aina ileile. Kinachobadilika ni upepo.

Paraselingi ni nini hasa?

Unavaa jaketi la kujiokolea na mkanda wa kukalia, unafungwa kwenye parachuti ambayo tayari imeshajaa upepo, kisha boti inakuvuta kwa kamba moja huku unapanda. Huendeshi chochote wala hukati kona. Kazi yote ni ya nahodha na winchi, yaani mashine ya kulegeza na kukunja kamba.

Parachuti yenyewe si ile ya askari wa anga. Ina mianya iliyokatwa makusudi upande wa nyuma, hewa inatokea hapo na kuisukuma ipande inapovutwa. Muundo huo unatokana na kazi ya Mfaransa Pierre-Marcel Lemoigne mwanzoni mwa miaka ya 1960. Usiichanganye na kaiti za Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja: kule mtu anasimama kwenye ubao na kuliongoza kaiti mwenyewe, na anahitaji mafunzo ya siku kadhaa. Hapa mafunzo ni dakika kumi, na zikiwa chache kuliko hapo una haki ya kuuliza kwa nini.

Mambo yanakwendaje tangu mwanzo hadi mwisho?

Ufukweni unajaza fomu, unataja uzito wako na kuchaguliwa jaketi. Mara nyingi hakuna gati, kwa hiyo unaifuata boti kwa miguu majini au unapelekwa na boti ndogo. Boti ikishatoka nje, nahodha anageuza omo, yaani mbele ya boti, kuelekea unakotoka upepo na kupunguza mwendo. Mabaharia wanaifungua parachuti upande wa tezi, yaani nyuma. Ikishika upepo inasimama juu ya boti ikining'iniza bomba la chuma, na kwenye bomba hilo ndiko mikanda inakofungwa kwa kulabu.

Mkanda wa kukalia unauvaa kama kaptura: miguu inapita kwenye vitanzi viwili, unauvuta hadi kiunoni, na sehemu pana inakaa chini ya mapaja. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mkanda ukiachwa nyuma ya makalio badala ya chini ya mapaja, ukipaa unajikuta umening'inia kwa kinena, na dakika kumi zinakuwa ndefu mno. Kabla kulabu hazijafungwa, chuchumaa kidogo na uhisi kwamba ukikaa, unakaa juu ya mkanda.

Kisha unakaa au kusimama kwenye sitaha ya nyuma, kulabu zinafungwa kulia na kushoto, baharia anazikagua kwa mkono, na winchi inaanza kulegeza kamba. Hakuna mruko wala kishindo; sitaha inaondoka chini yako tu. Shika mikanda iliyo juu ya mabega yako, usishike kulabu. Ukishatulia angani unaweza kuachia mikono, umekalia mkanda, hujaning'inia kwa nguvu za mikono.

Wakati wa kushuka winchi inakuvuta hadi juu ya tezi. Nyoosha miguu mbele, subiri uguse sitaha, kaa chini baharia akikuambia. Kosa la kawaida ni kutaka kusimama mapema: mguu unagonga ukingo wa sitaha, au mtu anajitupa mbele na kumwangukia baharia.

Angani utakaa dakika 8 hadi 12. Safari nzima ya boti inaweza kufika saa nzima, maana mnapaa kwa zamu.

Nitapanda juu kiasi gani?

Kampuni nyingi hupeleka watu kati ya mita 60 na 120. Wauzaji hupenda kutaja urefu wa kamba kana kwamba ndio kimo, na si kweli. Kamba hulala kwa mshazari, kwa hiyo kimo ni karibu nusu hadi theluthi mbili ya kamba iliyotolewa. Ukiambiwa "mita 200", uliza ni za kamba au za juu.

Kwa maoni yetu kimo cha ziada hakikupi kitu. Ukiwa mita 70 juu ya Kendwa unaona rangi za maji zinavyobadilika mwamba unapoanza, unaona ngalawa na hata kivuli cha parachuti yako kikitembea juu ya maji. Ukiwa mita 120 unaona yaleyale yakiwa madogo zaidi, na upepo wa huko juu ni mkali kuliko ule nahodha anaouhisi kwenye sitaha.

Msimu upi ni mzuri?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa sababu ajali mbaya za paraselingi karibu zote zina upepo ndani yake.

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, ikitoka kaskazini mashariki. Ni kavu na hutabirika, asubuhi nyingi huwa shwari, ingawa kuna siku za Januari inapokaza. Masika, Machi hadi Mei, ina mawingu ya mvua yanayokuja na pumzi za ghafla. Hata siku ikianza na jua, si msimu wa kupangia likizo ya michezo hii. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki na huwa na nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti. Kisha huja tangambili, Oktoba na Novemba, pepo zinapolegea kabla ya kugeuka, na bahari inakuwa tulivu. Tukiombwa kuchagua, tungechagua Septemba mwishoni hadi Oktoba, au Februari asubuhi, tukijua kwamba mvua za vuli huweza kuharibu siku kadhaa za Novemba.

Kendwa ina mtego wake wakati wa kusi. Ufukwe huo unatazama magharibi, kisiwa chote kinaukinga, na maji yanakuwa laini kama ziwa. Mgeni anatazama bahari na kusema leo shwari. Lakini upepo unapita juu ya minazi na mapaa, unavunjikavunjika na kushuka kwa pumzi zisizo sawa, na zaidi ya hapo unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Usipime upepo kwa mawimbi. Tazama vilele vya minazi na bendera, na utazame jinsi zinavyotulia na kuanza tena.

Mombasa na Diani ni kinyume chake: fukwe zinatazama mashariki, na kusi inasukuma kuelekea pwani. Maji ya nje ya mwamba yanachafuka, na chochote kilichokatika kamba kinasukumwa kwenye hoteli na miti.

Walioko Dubai wana msimu wao, Novemba hadi Aprili. Kiangazi joto na unyevu vinachosha mtu kabla hata hajapanda boti.

Upepo wa kiasi gani ni mwisho?

Jimbo la Florida, Marekani, ambako mchezo huu una wateja wengi sana, lilitunga sheria mwaka 2014. Nahodha haruhusiwi kurusha watu upepo wa mfululizo ukizidi kilomita 32 kwa saa, pumzi za ghafla zikizidi kilomita 40, au pumzi zikiuzidi upepo wa kawaida kwa kilomita 24. Haruhusiwi pia macho yakiishia chini ya mita 800 kwa mvua au ukungu, wala radi ikiwa ndani ya kilomita 11 hivi.

Sheria hiyo haifiki Nungwi, lakini ni kipimo kizuri cha kubeba kichwani. Linganisha na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambazo mara nyingi hutaja upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofika mita 2. Siku yenye tahadhari ya namna hiyo imeshagusa mpaka wa Florida, hata kama ufukwe mbele yako una jua na watu wanaogelea. Kwa anayepaa mara ya kwanza, kilomita 10 hadi 22 kwa saa zinatosha kabisa.

Kwa nini tofauti ndogo inaleta balaa? Mvutano wa parachuti hupanda kwa mraba wa mwendo wa upepo. Upepo ukitoka kilomita 20 hadi 28 kwa saa, ambayo mwilini huisikii kama tofauti kubwa, mvutano kwenye kamba unakaribia mara mbili. Ukifika 40, ni mara nne. Ndiyo maana kampuni makini huwa na parachuti za ukubwa tofauti, kuanzia kipenyo cha mita 7 hivi hadi 12: kubwa kwa upepo mdogo, ndogo kwa upepo mkubwa. Kampuni yenye parachuti moja inayotumika mwaka mzima inakulazimisha wewe uwe mtabiri.

Nitajuaje kama boti na vifaa ni vizuri?

Anza na kamba, mengine yafuate. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichapisha mwaka 2014 ripoti maalumu ya ajali za paraselingi, na kamba zilizodhoofika ni kati ya mambo iliyoyatilia mkazo. Kamba huliwa na vitu vinne: jua, chumvi, mchanga unaoingia kati ya nyuzi, na fundo. Hilo la mwisho watu hawalitarajii. Fundo lolote, hata lililofungwa na baharia hodari, hupunguza nguvu ya kamba kwa theluthi moja au zaidi, kwa sababu nyuzi za nje ya kona zinabeba mzigo na za ndani zinalegea. Na ncha ileile yenye fundo ndiyo inayosuguliwa na kulowa kila safari.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba kuona mita mbili za mwisho za kamba, upande unaofungwa kwenye parachuti. Ipitishe mkononi polepole. Kamba nzima ni laini na unene wake haubadiliki. Ikiwa na manyoya yaliyosimama, sehemu iliyong'aa na kuwa ngumu kama plastiki iliyoyeyuka, sehemu iliyobonyea, au rangi iliyopauka upande mmoja, imechoka. Kisha uliza: "Ncha hii mliikata lini mara ya mwisho?" Nahodha anayejua kazi atakujibu papo hapo, maana ncha hukatwa na kufungwa upya kwa ratiba, na huandikwa daftarini. Akicheka au akisema kamba hii haikatiki, mshukuru na uende zako.

Baada ya kamba, tazama mambo haya kwa haraka: kushona kwa mikanda (uzi uliokatika, kutu kwenye pete), kulabu zenye mlango unaojifunga na kufuli, kisu cha kukatia kamba kilichofungwa mahali pa kufikika, redio au angalau simu mbili, na watu wawili kwenye boti mbali na wateja. Wawili ni kima cha chini: nahodha anatazama mbele na upepo, mwingine haondoi macho kwa aliye angani. Nahodha anayeendesha, kuangalia winchi na kupiga picha peke yake ni dalili mbaya kuliko boti kuukuu.

Kibali nacho kiombwe. Zanzibar vyombo vya majini viko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, Tanzania Bara ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), Kenya ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Cheti cha boti kinathibitisha boti. Hakithibitishi kamba, kwa hiyo usiache kuipapasa.

Kamba ikikatika nikiwa juu, nini kinatokea?

Parachuti haijifungi. Inaendelea kukubeba, inashuka, na wakati huohuo inakwenda na upepo. Ukiwa mita 100 juu na upepo wa kilomita 30 kwa saa, unaweza kusogezwa mita 150 au zaidi kabla ya kugusa maji. Ndiyo maana umbali wa boti kutoka pwani una maana kuliko mandhari: upepo ukisukuma kuelekea nchi kavu, boti inapaswa kuwa mbali mara mbili au tatu ya kamba iliyotolewa, ili hata jambo likiharibika uangukie majini.

Kutua majini kwenyewe si kubaya. Hatari huja baada ya hapo, kama upepo ni mkali, kwa sababu parachuti haijui kwamba umeshatua. Inalala ubavu, inashika upepo na kukuburuta.

Fanya hivi. Ukiwa unashuka, usifungue chochote. Watu hukosea kukadiria urefu juu ya maji. Vuta pumzi kabla ya kugusa. Ukishatua, lala chali, na kama parachuti imeanguka, toka kwenye mkanda na uogelee kuelekea unakotoka upepo, mbali na kamba nyembamba za parachuti. Usipige teke kati ya kamba hizo. Ukiburutwa, shika mkanda wa upande mmoja tu, uvute kwako kwa mikono yote miwili, hatua kwa hatua, kama unavyovuta ndoo kisimani, mpaka parachuti ikose umbo na kumwaga upepo. Ukivuta pande zote mbili sawa haisaidii kitu.

Maelekezo haya nahodha anapaswa kuwaeleza wote ufukweni, kabla ya boti kuondoka, na kwa lugha mnayoielewa. Kampuni nyingine huyaeleza kwa Kiingereza au Kiitaliano tu, wakidhani Mswahili anajua bahari. Omba yarudiwe.

Nimesikia nahodha aliyekata kamba kwa makusudi. Inawezekanaje?

Ilitokea visiwa vya Florida Keys mwezi Mei 2022. Upepo wa dhoruba uliingia ghafla, parachuti ikajaa kupita kiasi ikaanza kuivuta boti, na nahodha akaikata kamba. Mama mmoja na watoto wawili waliokuwa wamefungwa pamoja waliburutwa juu ya maji hadi wakagonga daraja. Mama alifariki, watoto walinusurika. Mwaka 2013, Panama City Beach jimboni humohumo, kamba ilikatika katika upepo mkali wakati boti ikihangaika isisukumwe pwani, na wasichana wawili wakapeperushwa hadi kwenye jengo na nyaya za umeme, waliumia vibaya.

Katika visa vyote viwili winchi ilikuwepo, na jaketi pia. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuwateremsha watu mapema, au kutowarusha kabisa. Wingu jeusi likionekana upande unakotoka upepo, hata likiwa mbali, zamu yako iahirishwe. Usione haya kuwa wewe ndiye unayesema.

Injini ikizimika je?

Hilo ni jambo dogo zaidi. Parachuti inashuka taratibu na unatua majini nyuma ya boti. Upepo ukiwa wa kutosha itabaki angani kama tiara. Tatizo hutokea kamba iliyolegea ikijizungusha kwenye propela injini ikiwashwa haraka, kwa hiyo baharia huikusanya kwanza. Subiri, jaketi litakushikilia.

Sijui kuogelea. Nipande?

Unaweza, kwa masharti mawili. Jaketi likutoshe: likifungwa, mtu akivuta mabega ya jaketi juu, lisipite kidevu chako. Na uwaambie kabla ya kupanda boti, ili usichovywe majini na upae na mtu anayejua kuogelea. Watu wengi wa bara huficha jambo hili kwa aibu, kisha wanapaniki miguu ikigusa maji. Kama hujawahi kuelea na jaketi, jaribu kwanza kwenye maji ya kifuani, dakika tano tu, ukilala chali.

Kuna mipaka ya uzito na umri?

Ipo, na inabadilika na upepo wa siku. Kwa jumla jozi moja haipaswi kuzidi kilo 180 hadi 200 kwa parachuti ya kawaida. Watu hukumbuka kima cha juu na kusahau cha chini: mtu mwepesi peke yake, tuseme kilo 45, upepo ukikaza hupandishwa kwa nguvu na kushushwa kwa shida, kwa hiyo huunganishwa na mwingine. Sema uzito wa kweli. Nahodha anautumia kuchagua parachuti.

Watoto wengi hukubaliwa kuanzia miaka 6 hivi, wakiwa na mtu mzima. Umri si kigezo chetu kikuu. Tazama kama jaketi ni la mtoto kweli, lenye mkanda unaopita kati ya miguu, na kama mkanda wa kukalia unabana mapaja yake. Mkanda wa mtu mzima uliokazwa hadi mwisho kwa mtoto mwembamba hautoshi, hata wakikuambia umetosha jana kwa mtoto mwingine.

Wawili wa uzito tofauti wanakaaje?

Wanakaa sambamba kwenye bomba, na kulabu husogezwa ili mzito awe karibu zaidi na katikati. Msiposawazishwa mnapaa mmelala upande mmoja. Ukiona bomba limeinama mkiwa bado juu ya sitaha, sema hapohapo.

Nani asipande?

Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye matatizo ya mgongo au shingo, kifafa, au moyo usiotulia. Mgongo unaumizwa hasa wakati wa kutua. Aliyekunywa pombe pia asipande, na nahodha naye aangaliwe.

Waliopiga mbizi kisiwani Mnemba huuliza sana kuhusu kupaa siku hiyohiyo. Ushauri wa kusubiri saa 12 baada ya mbizi moja, au 18 baada ya mbizi kadhaa, umetungwa kwa safari za ndege na vimo vya zaidi ya mita 600. Mita 100 ziko chini sana ya hapo. Hata hivyo, ukihisi maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu baada ya kupiga mbizi, usipande boti, mtafute daktari.

Naogopa urefu. Nitaweza?

Wengi wanaoogopa ghorofa huimudu, kwa kuwa hakuna ukuta wala ngazi ya kuunganisha macho yako na chini. Panda na mtu, muombe nahodha akupandishe mita 40 kwanza, na mkubaliane ishara mbili kabla: moja ya "sawa", nyingine ya "nishusheni". Ishara ziwe kubwa, za mkono mzima. Kidole gumba hakionekani kutoka kwenye boti.

Nivae nini? Nikiwa na hijabu je?

Nguo za kuogelea, au fulana na suruali nyepesi inayobana, na mafuta ya kukinga jua yapakwe nusu saa kabla. Vua viatu kwenye boti lakini uwe navyo unapotembea majini, kwa sababu ya miamba na viumbe vya miba.

Hijabu haina tatizo. Iwe ya kuvaa kichwani kama kofia, au ifungwe na ncha zake ziingizwe ndani ya jaketi; acha pini za vichwa vikubwa. Baibui na gauni pana havifai, kwa kuwa mikanda inapita kati ya miguu na nguo itapanda hadi kiunoni. Vaa suruali, na juu yake shati refu linalofika mapajani. Nguo ya kuogelea ya kusitiri nayo inafaa vizuri. Usipopenda kufungwa na mwanamume, sema mapema: mkanda wa kukalia mtu anaweza kuuvaa mwenyewe akielekezwa kwa maneno, na baharia atagusa kulabu tu.

Kanga mabegani iache kwa mwenzako. Nguo inayopepea karibu na winchi inayozunguka ni hatari kwa walioko kwenye boti kuliko kwako uliye juu. Nungwi ni kijiji cha watu wanaoishi, si hoteli tupu. Ukipita mitaani kwenda kupanda boti, jifunge kanga hiyo.

Simu na picha?

Simu ibaki kwenye boti. Kamera ndogo iwe na kamba ya mkononi. Kampuni nyingi hupiga picha na kuuza pembeni, wakikutumia kwa WhatsApp. Uliza bei kabla ya kupaa, maana baada ya kushuka bei hupanda pamoja na furaha yako. Miwani ifungwe kwa kamba nyuma ya kichwa.

Nitapata kichefuchefu?

Angani mara chache. Kwenye boti, sana. Boti ya paraselingi inakwenda polepole na kusimamasimama, na huyumba kuliko boti inayokimbia. Kula kidogo saa moja au mbili kabla, usiende na tumbo tupu wala baada ya biriani. Dawa ya kichefuchefu humezwa saa moja kabla. Ukimeza ukishaanza kuumwa umechelewa. Omba uwe wa kwanza kupaa.

Nitalowa?

Ukitaka. Kuchovywa miguu huombwa. Mwambie nahodha kabla, ndiyo au hapana.

Saa ngapi ni nzuri?

Kuanzia saa mbili hadi saa nne na nusu asubuhi. Mchana nchi kavu ikishapata moto, upepo wa baharini huongezeka na kuungana na wa msimu. Jioni mandhari ni nzuri ila nuru inapungua, na kutafuta mtu majini gizani si mchezo.

Angalia pia maji. Wakati wa bamvu, yaani maji makuu, tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita 3, na Diani utatembea mbali sana kuifikia boti. Kendwa na Nungwi zina nafuu, maji hayakimbii mbali.

Kuna sehemu wanarusha watu kutoka mchangani. Ni sawa?

Mtindo huo upo zaidi Asia, kama vile Phuket nchini Thailand, ambako msaidizi hudandia kamba za parachuti nyuma ya mteja ili aiongoze kutua. Unakimbia hatua tatu, boti inavuta, unapaa. Ukikosea unagonga mchanga, mwamvuli wa hoteli au mtu anayeota jua. Tunapendekeza boti yenye sitaha na winchi, ambayo inakuruhusu kuondoka na kutua mbali na kila kitu kigumu.

Malipo yakoje? Papasi na mabichiboi wanaaminika?

Hawa ni vijana wa ufukweni wanaotafutia boti wateja. Baadhi ni waaminifu na wanajua boti zote. Shida ni kwamba hawaendeshi boti, na jambo likiharibika hawapo. Mtu akikupeleka, mshukuru, lakini mlipe mwenye boti, ofisini au kwenye boti yenyewe, na uchukue risiti yenye jina la kampuni na tarehe. Lipa sehemu tu kabla. Kwenye bei uliza kama kuna usafiri kutoka hotelini, picha, na kodi. Wakazi wa Tanzania na Kenya waulize bei ya mkazi. Mara nyingi ipo ila haitajwi.

Bima ni jambo jingine. Tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya Tanzania hununua bima ya lazima ya Zanzibar ya dola 44. Usichukulie kwamba inabeba kila mchezo wa baharini. Soma vifungu vyake, na umuulize mwenye boti kama ana bima ya wateja wake mwenyewe.

Tumetoka baharini, upepo ukazidi, tukarudishwa bila kupaa. Nidai fedha?

Dai siku nyingine kwanza, fedha baadaye. Kampuni nzuri huandika hilo kwenye risiti: wakiahirisha wao kwa sababu ya upepo, unachagua siku nyingine au unarudishiwa zote, hata kama mafuta ya boti yametumika. Wengine hukata sehemu ya mafuta. Ukikubaliana nao kabla ya kuondoka, hiyo ni halali. Wakiibua sharti hilo mkiwa mmeshashuka, lipingeni. Na siku ya pili ombeni zamu ya saa mbili asubuhi.